Kitanda cha Mtoto Kuwa Benchi la Barazani: Mwongozo Kamili (Wageni Wakae Wasianguke)

Picha ninazotumiwa zinafanana. Mtu kachukua kitanda cha mtoto kilichokaa stoo tangu mtoto aanze shule, kang'oa ubavu mmoja, katupia mito miwili ya kitenge, kapiga picha pale barazani Makorora au Raskazone hapa Tanga, benchi linapendeza kweli. Baada ya wiki chache inakuja picha ya pili, chaga zimekatika katikati, au matendegu ya mbele yameachana moja linaangalia Pangani lingine linaangalia Mombasa. Alafu swali: "tatizo nini?"

Tatizo ni kwamba ule ubavu uliong'oa ndo ulikuwa unakishika kitanda. Kitanda cha mtoto kimesimama kwa sababu kina pande nne zinazoshikana, ukitoa mmoja bila kuweka kitu mahali pake umebaki na pande tatu zinazoegemeana tu. Na zile chaga za chini zilitengenezwa kubeba mtoto na kigodoro, hazikutengenezwa kubeba shangazi wawili na sinia la kahawa. Kwa hiyo mwongozo huu wote, ukiondoa mambo ya rangi, ni habari ya vitu viwili: kurudisha nguvu uliyoitoa, na kuhakikisha uzito unashuka mpaka chini kwa kupitia mbao, sio kwa kuning'inia kwenye skrubu.

Mwishoni nimeweka na matumizi ya vile vipande vinavyobaki, pamoja na kiti cha kulia cha mtoto, maana watu wanauliza sana.

## Kwanza angalia kama kitanda chako kinafaa

Usinunue kitu chochote kabla ya hapa.

Kikwaruze sehemu isiyoonekana, chini ya tendegu au kwenye tundu la skrubu. Ukiona nyuzi za mbao, endelea. Ukiona ungaunga uliogandamizwa kama keki kavu, hiyo ni MDF au chipibodi, haishiki skrubu ya mzigo na ikilowa inavimba. Hicho usifanye benchi, ruka mpaka sehemu ya mwisho utumie vipande vyake kwa kazi nyepesi.

Chukua bisibisi, dunga matendegu yote manne pale chini karibu na sakafu. Mchwa wa huku kwetu hawali kutokea juu, wanapanda na tendegu wanakula moyo wa mbao wanaacha ganda, kwa nje utaona rangi safi kabisa. Bisibisi ikizama bila kushindana, tendegu hilo halipo. Angalia pia vitundu vidogo vyenye vumbi laini la unga chini yake, wale ni vidudu vya mbao na bado wapo kazini.

Kingine ni rangi. Kama kitanda ni cha zamani sana na kimepakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, chukulia ina madini ya risasi, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilikuwa nayo na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Usiipige msasa mkavu. Nitasema cha kufanya kwenye hatua ya 6.

Na neno moja kwa wenye vile vitanda vya mtumba ambavyo ubavu unashuka na kupanda. Kuna anayeniambia "bora nimpe jirani anayejifungua". Usimpe. Marekani walipiga marufuku kuuzwa kwa vitanda vya aina hiyo mwaka 2011 kwa sababu ubavu ulikuwa unachomoka, mtoto ananasa katikati ya ubavu na godoro. Kwa benchi kinafaa sana. Kwa mtoto, hapana.

## Vifaa

Vipimo hivi ni vya kitanda cha sentimita 60 kwa 120, ndo vingi. Vipo na vikubwa kidogo, 70 kwa 130, kwa hiyo pima chako.

- Mbao ya inchi 2 kwa 4, vipande viwili vya kama futi 4 na nusu. Hii ndo mifumbati, zile mbao mbili ndefu zinazobeba chaga, usibane hela hapa.
- Mbao ya 2 kwa 2, futi 4, kwa ajili ya nguzo fupi.
- Mbao ya 1 kwa 4, vipande 10 vya sentimita 65 kila kimoja, ndo chaga mpya.
- Bolti 4 za milimita 8 na nati zake, na washa mbili kwa kila bolti. Urefu wake ni unene wa tendegu, jumlisha sentimita 5, jumlisha 2.
- Kona za chuma 4, zile za umbo la L.
- Skrubu za mbao za inchi 2 na za inchi 2 na nusu, za stenlesi au angalau zilizopakwa zinki.
- Gundi ya mbao.
- Msasa namba 80, 120 na 220.
- Rangi ya mafuta au vanishi ya nje, na praima.
- Drili na biti za milimita 3 na 8, futi ya kupimia, skwea, pima maji, msumeno, spana.

Kuhusu skrubu niseme zaidi, maana hapa ndo wengi wanalia. Ukienda dukani ukasema "skrubu" tu utapewa zile nyeusi za jipsamu, kwa sababu ni rahisi na ziko nyingi. Zile ni ngumu lakini zinavunjika, shingo inakatika ukiziwekea mzigo wa kuyumbayumba. Alafu upepo wetu una chumvi. Nyumba iliyo karibu na bahari skrubu nyeusi ikikaa nje inaanza kulia kutu mapema tu, mstari wa kahawia unashuka kwenye rangi yako nyeupe. Sema "za stenlesi", ukikosa sema "za zinki", ukikosa hizo nenda duka jingine.

Mbao nazo. Saipresi na paina za Lushoto zinatosha kabisa kwa kazi hii. Mtiki wa Longuza kule Muheza ni mzuri zaidi kwa nje, ila ni bei. Mbao nyingi zinauzwa bado mbichi, ukiibeba unahisi nzito kuliko umbo lake na ubaridi mkononi. Hiyo ikikauka ikiwa tayari kwenye benchi inasinyaa, inajikunja, na bolti zinalegea. Iweke kivulini wiki mbili tatu, imelazwa juu ya vipande vidogo ili hewa ipite kotekote, isiegemezwe ukutani.

## Hatua ya 1: Fungua, usivunje

Tia alama kwa chaki kila kiungo kabla hujafungua, A na A, B na B. Toa ubavu mmoja tu, ule utakaokuwa mbele. Vile vichwa viwili, yaani zile pande fupi, na ubavu wa nyuma viache vimeshikana, usije ukafungua kitanda kizima ukaanza kutafuta mraba upya.

Bolti iliyokwama kwa kutu usiilazimishe, itakatika ndani. Idondoshee mafuta ya taa, iache usiku kucha, asubuhi ijaribu kwa kuikaza kidogo kwanza ndo uilegeze.

Chaga za zamani na ile plaiwudi nyembamba toa. Ubavu uliotoka weka pembeni, una kazi yake.

Sasa kisukume kitanda kwa mkono kutokea upande. Kinayumba, sivyo? Kumbuka kilivyoyumba, utalinganisha baadaye.

## Hatua ya 2: Ziba matundu yaliyolegea

Matundu ambayo skrubu inazunguka tu bila kushika, usiweke skrubu nene zaidi. Tumbukiza njiti za kiberiti zilizopakwa gundi, zibane mpaka tundu lijae, kata zilingane na uso wa mbao, acha mpaka kesho. Skrubu itauma upya. Matundu ya nje yanayoonekana ziba kwa vumbi la msumeno na gundi, utapiga msasa baadaye.

Kaza skrubu zote za ubavu wa nyuma. Kwenye kila kona ya nyuma, kama kiungo kinacheza, kifungue kidogo, tia gundi, kibane kwa kamba mpaka ikauke. Kamba ya katani inabana vizuri ukiizungushia na kuisokota kwa kijiti.

## Hatua ya 3: Nguzo fupi

Tunataka mtu akikaa, makalio yawe kama sentimita 45 kutoka sakafuni akiwa juu ya mto. Kwa hiyo uso wa chaga uwe sentimita 40. Toa unene wa chaga, 2 na nusu, toa na kimo cha mfumbati uliosimama, 10, zinabaki sentimita 27 na nusu. Huo ndo urefu wa nguzo zako nne za 2 kwa 2.

Ila mbao ya 2 kwa 4 ya huku mara nyingi sio 2 kwa 4 kamili, inategemea na mashine ilivyoamka siku hiyo. Pima uliyonayo kisha upige hesabu upya kwa namba zako.

Nguzo mbili za nyuma zinakaa kwa ndani, zimegusana na matendegu ya nyuma. Mbili za mbele zinakaa kwa nje, kwenye uso wa mbele wa matendegu ya mbele. Tia gundi, toboa kwanza kwa biti ya milimita 3, kisha piga skrubu tatu kila nguzo. Kutoboa kwanza sio mbwembwe, mbao ya 2 kwa 2 ukiipigia skrubu bila tundu karibu na ncha inapasuka.

Kabla gundi haijashika, weka mbao iliyonyooka juu ya nguzo na pima maji juu yake, kulia kwenda kushoto, kisha mbele kwenda nyuma. Baraza zenyewe nyingi zimeinama kidogo ili maji ya mvua yatoke, kwa hiyo kazi hii ifanye sebuleni penye sakafu sawa, barazani utahamia baadaye.

Umepatia kama nguzo zote nne zinagusa sakafu kwelikweli. Pitisha karatasi chini yake, ikipita kwenye nguzo moja, hiyo nguzo haibebi kitu, ni urembo tu.

## Hatua ya 4: Mifumbati

Hii ndo hatua yenyewe, ukiharakisha popote usiharakishe hapa.

Mfumbati unasimama kwa upande wake mwembamba, yaani ile inchi 4 iwe ndo kimo. Mbao ileile ya 2 kwa 4 ikisimama ni ngumu kupinda mara nne kuliko ikilazwa. Nimeona mabenchi mbao imelazwa "ili ipendeze", ikabonyea katikati mpaka mito ikawa inakimbiliana.

Mfumbati wa nyuma: ukate uingie kati ya vichwa viwili kwa ndani, ukae juu ya nguzo za nyuma, ugusane na fito za ubavu. Ufunge kwa kona za chuma, mbili kila mwisho. Kona hapa hazibebi uzito, kazi yake ni kuzuia mfumbati usitembee.

Mfumbati wa mbele: huu haukai katikati ya matendegu, unapita mbele yake, kutoka ukingo wa nje wa tendegu moja mpaka ukingo wa nje wa lingine, umekalia zile nguzo za nje. Sababu ni hii. Ukiuweka katikati itabidi upige skrubu kwenye ncha ya mbao, na ncha ya mbao haishiki, skrubu inaingia sambamba na nyuzi na inachomoka hivyohivyo. Ukiupitisha mbele unafunga mbao juu ya mbao kwa bolti zinazotoboka mpaka upande wa pili.

Kila mwisho bolti mbili, na uziweke kimshazari, moja juu kushoto nyingine chini kulia. Zikiwa kwenye mstari mmoja wa nyuzi, siku ya mzigo mbao inapasuka kufuata mstari huo. Kaa angalau sentimita 2 kutoka ukingo. Bana mfumbati na tendegu kwa kamba au klempu, toboa vyote kwa pamoja kwa biti ya milimita 8, ingiza bolti na washa pande zote mbili, kaza mpaka washa ianze kuzama kidogo kwenye mbao, basi. Kichwa cha bolti kiwe mbele, nati ndani, wasije watu wakachana nguo.

Pima mraba: futi kutoka kona ya mbele kushoto mpaka ya nyuma kulia, alafu ile kona nyingine. Vipimo vikilingana uko mraba. Vikipishana zaidi ya nusu sentimita, legeza bolti, sukuma, kaza tena.

Sasa sukuma kutokea upande kama ulivyofanya hatua ya 1. Kisiyumbe. Kikiyumba hata kidogo usiendelee kwenye chaga ukitegemea zitasaidia.

## Hatua ya 5: Chaga

Vipande 10 vya 1 kwa 4, vinatoka nyuma kuja mbele, vinakalia mifumbati yote miwili. Acha nafasi ya sentimita 2 kati ya chaga na chaga, vumbi na maji yapite na mto upumue. Kwa kitanda cha 120 jumla inakuja 118, kwa hiyo inaenea. Pima urefu wa chaga kwenye benchi lenyewe, usiamini ile 65 yangu kama mfumbati wako ni mwembamba.

Skrubu mbili kila mwisho, vichwa vizame kidogo chini ya uso. Ncha ya mbele ya chaga isichomoze zaidi ya ukingo wa mfumbati, izungushe kwa msasa iwe laini, hapo ndo nyuma ya goti inapogusa.

Jaribio: funga uzi wa kushonea kutoka mwisho mmoja wa mfumbati wa mbele mpaka mwingine, uvute, uguse mbao katikati. Panga madumu 8 ya lita 20 yaliyojaa maji juu ya benchi, hiyo ni kilo 160 za maji tu. Acha usiku kucha. Asubuhi angalia uzi na mbao. Upenyo wa milimita mbili tatu ni kawaida. Kidole kikipita, mbao yako ni mbichi au ina fundo kubwa katikati, ibadilishe sasa hivi kabla ya rangi. Na usiwe na huruma, ni bora imwagike maji kuliko mkwe.

## Hatua ya 6: Msasa na rangi

Rangi ya zamani isiyotiliwa shaka: msasa 80, 120, kisha 220, kufuata nyuzi.

Rangi ya kizamani niliyoisema pale juu: lowanisha mbao, tumia msasa wa maji, vaa barakoa, fanyia nje watoto wakiwa mbali, tandika nailoni chini, na yale matope kusanya na nailoni yake utupe, usifagie uwanjani kuku wanapodonoa. Kama rangi imeshika vizuri haibanduki, usiikwangue kabisa, ifute, ipigie msasa wa maji juujuu na upake mpya juu yake.

Kabla ya praima futa benchi lote kwa kitambaa na maji baridi ya bomba, sio ya kisima chenye chumvi, liache likauke kabisa. Watu wa Tanga wanapaka rangi juu ya chumvi bila kujua, kitu kikikaa nje kinashika chumvi ya upepo hata kama huioni, rangi inakaa vizuri kisha inaanza kubanduka magamba. Basi analaumiwa muuza rangi.

Anza na nyayo. Geuza benchi, paka ncha za chini za matendegu na nguzo mara tatu mpaka zikatae kunywa, maji yanaingia kwa pale na mchwa wanafuata. Kisha praima mara moja, rangi mara mbili, nyembamba. Tabaka moja zito linakauka juu ndani bado bichi, mgeni akikaa anaondoka na rangi yako.

Masika usipake. Kuanzia Machi mpaka Mei hewa yenyewe imelowa, rangi inakaa inanata. Subiri jua, paka asubuhi umande ukishakauka.

Kuna wanaosema paka oili chafu kuzuia mchwa. Kwenye nguzo za uzio sawa, kwenye benchi la kukalia hapana, haikauki, inachafua kanga na haifai kugusana na ngozi. Nunua dawa ya mbao ya mchwa, soma maelekezo, ipake kabla ya praima.

Chini ya kila tendegu na kila nguzo gongelea kipande cha ndala kuukuu. Benchi linapanda milimita chache kutoka kwenye sakafu yenye maji, na halikwaruzi.

## Mto

Kigodoro cha kitanda hichohicho kinafaa kama ukikibonyeza kwa ngumi kinarudi. Kikibaki na shimo, kimekufa. Kiti cha sentimita 60 ni kirefu kwenda nyuma, miguu ya mtu mfupi inaning'inia, kwa hiyo weka mito minene ya mgongoni kwenye fito, sentimita 15 hivi, na utakuwa umemaliza tatizo bila kukata kitanda. Kwa barazani mpelekee fundi cherehani kitambaa cha sofa au turubai laini, kitenge kinapauka haraka kwa jua na kanga ni nyepesi mno.

## Vipande vilivyobaki

Ule ubavu wa fito. Ufunge jikoni ukutani kwa kulala, utundike sufuria na miko kwa ndoano za S. Nyumba ya tofali za saruji, toboa na uweke plagi za ukutani. Nyumba za zamani za mawe na chokaa huko mjini zinamomonyoka, plagi inatoka na kipande cha ukuta, huko funga ubavu kwenye mbao ndefu iliyosimama mpaka sakafuni. Wengine wanauegemeza tu chumbani wanatundika kanga, nao ni sawa ila ufunge kwa juu, mtoto asijaribu kuupanda.

Kitanda cha chipibodi. Vichwa vyake vinakuwa rafu za viatu au ubao wa kubandika ratiba za shule. Ndani ya nyumba tu.

Kiti cha kulia mtoto. Toa trei na mikanda, ongeza mbao mbili za msalaba chini kati ya miguu, kinakuwa stendi nzuri ya mtungi mdogo au maua. Mtungi mkubwa wa maji usiweke, miguu yake imetanuka kwa ajili ya kuzuia kupinduka, sio kwa ajili ya kilo 40. Na mtu mzima asipande juu yake kubadilisha taa.

Kigari cha kutembelea, kile cha mtoto kujifunzia kutembea. Hiki sina la kukupa. Toa magurudumu ufungie kwenye boksi la kufulia, lililobaki peleka kwa wanunua plastiki. Usimpe mwenye mtoto, Kanada wamepiga marufuku tangu 2004 kwa sababu ya watoto kuporomoka ngazi.

Benchi likishakaa barazani, kila baada ya miezi miwili mitatu pita na spana ukaze zile nati nne. Mbao inakunywa unyevu na kuutoa kufuata msimu, kwa hiyo nati inalegea yenyewe hata kama hakuna aliyeligusa. Ukisikia mlio mtu akikaa, usitie mafuta, tafuta nati.